Volti za Hasi Kutoka kwa Betri Moja



Vikundi vingi sasa vina betri ya volti 12 inayochajiwa na sola. Taa inawaka, simu zinachajiwa, na mambo ni mazuri. Taabu huanza siku kikundi kinapopata kikuza sauti cha maikrofoni, na nyuma yake pana matundu matatu: chanya, sifuri na hasi. Betri ina vichwa viwili tu. Hiyo hasi itoke wapi?

Kikundi kimoja cha kina mama kutoka ng'ambo ya kivuko cha Likoni kilifikwa na jambo hili. Fundi waliyemwita akasema, "Si ugeuze waya tu!" Hasi ya betri ilikuwa tayari imefungwa kwenye sifuri. Yeye akachukua waya wa pili kutoka betri ile ile, akafunga chanya kwenye sifuri na hasi kwenye tundu la hasi. Hapo chanya na hasi za betri zikakutana uso kwa uso. Waya ukayeyuka, moshi ukajaa chumbani, na mkutano ukaahirishwa. Bahati njema hakuna aliyeungua. Tunaeleza hapa njia iliyo salama.

HASI NI NINI?

Tuanze na Kilindini yetu. Jina lenyewe latokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Aliyekwea mnazi yuko juu ya usawa wa maji, na mzamiaji yuko chini yake. Wote wawili wapimwa kutoka alama moja. Umeme nao ni hivyo hivyo. Tunachagua waya mmoja kuwa sifuri, na huo twauita waya wa ardhi. Kilicho juu yake ni chanya, kilicho chini yake ni hasi. Hasi si umeme mbovu wala dhaifu.

Kikuza sauti kinaihitaji kwa sababu sauti ndani ya waya hupanda na kushuka kama mawimbi, mara juu ya sifuri, mara chini yake. Kifaa kilichoundwa kwa pande mbili kikinyimwa upande wa chini, nusu ya wimbi hukatika na sauti hukwaruza.

UPONDO WA UMEME

Fikirini upondo wa mtumbwi uliosimama wima, mguu wake ukigusa usawa wa maji na kichwa kiko juu. Sukumeni kichwa mpaka kifike usawa wa maji. Mguu utakuwa wapi? Chini kilindini, kwa urefu ule ule wa upondo.

Kapasita ndiyo upondo wetu. Tunaijaza umeme huku mguu wake uko kwenye sifuri. Kisha tunashusha kichwa chake hadi sifuri, na mguu unazama chini ya sifuri. Dayodi mbili hufanya kazi ya milango: moja hushika mguu kwenye sifuri wakati wa kujaza, nyingine huupitisha umeme wa hasi kwenda kwenye kapasita ya pili, ambayo ni ghala. Kazi ya kupandisha na kushusha inafanywa na aisii ya 555, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972 na hadi leo ni ya bei nafuu.

VIFAA

Aisii ya NE555. Rezista ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 10. Kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.01, kapasita mbili za maikrofaradi 47 na moja ya 100, zote za volti 25, dayodi mbili za 1N4148, fyuzi ndogo ya nusu ampea.

NAMNA YA KUUNGA

1. Mguu wa 1 uende sifuri, yaani hasi ya betri. Miguu ya 8 na 4 iende chanya kupitia fyuzi. Kapasita ya 100 iwekwe kati ya mguu wa 8 (chanya yake) na wa 1.

2. Rezista ya kilo-omu 1 iwe kati ya miguu ya 8 na 7. Ile ya kilo-omu 10 iwe kati ya 7 na 6. Miguu ya 6 na 2 iunganishwe, na kapasita ndogo itoke hapo hadi sifuri. Mguu wa 5 uachwe. Sasa aisii itapanda na kushuka karibu mara 6,900 kwa sekunde.

3. Chanya ya kapasita ya kwanza ya 47 ifungwe mguu wa 3. Hasi yake tuiite pointi A.

4. Dayodi ya kwanza iwe kati ya A na sifuri, mstari wake ukiwa upande wa sifuri. Ya pili ifungwe A kwa upande wenye mstari.

5. Upande wa pili wa dayodi hiyo ndio hasi yetu mpya. Hapo fungeni hasi ya kapasita ya pili ya 47, na chanya yake iende sifuri. Angalieni sana: wengi hukosea hapa.

KABLA YA KUUNGA KIKUZA SAUTI

Pimeni kwa mita. Mtaona karibu volti 9 chini ya sifuri, si 12, kwa kuwa aisii na dayodi hula kidogo njiani. Hakikisheni kikuza sauti chenu kinakubali kiasi hicho. Msikitoze kifaa hiki zaidi ya miliampea 20. Chatosha kikuza sauti kidogo, hakitoshi mashine ya spika kubwa.

Kwa mzigo mkubwa tumieni betri mbili za volti 12. Hasi ya ya kwanza iunganishwe na chanya ya ya pili, na kiungo hicho ndicho sifuri. Kila betri iwe na fyuzi yake, na ichajiwe peke yake.

Mwisho, hewa yetu ya pwani ina chumvi. Mkimaliza kulehemu, pakeni vanishi kwenye viungo, na mfunike kisanduku vizuri. Na fundi akiwaambia "geuza waya tu", mwulizeni kwanza: sifuri yako iko wapi?