Mwanasesere Afundishaye Wakunga

Mtoto azaliwapo bila kulia, mama huuliza neno moja tu: "Mbona yu kimya?" Mkunga hana nafasi ya kumjibu. Dakika ile ya kwanza wataalamu wameiita Dakika ya Dhahabu. Kabla haijaisha, mtoto awe amekwisha kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Na kama bado havuti pumzi, aanze kupewa hewa kwa mfuko wa kuminya na barakoa ndogo. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Yataka mikono iliyozoea.

Nayo izoeeje? Watoto wengi, Mungu ashukuriwe, hulia wenyewe. Mkunga wa kituo kidogo katika vijiji vyetu vya Nyunzu aweza kukaa muda mrefu bila kumpokea mtoto asiyepumua. Na siku ampokeapo, pengine ni usiku, taa ni hafifu, na njia ya kwenda hospitali imejaa matope. Si haki ajifunzie juu ya mtoto yule.

Ndiyo maana akatengenezwa mwanasesere. Tangu mwaka 2010 ametumika katika mafunzo yaitwayo Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto wachanga wapumue. Hujazwa maji ya vuguvugu hata awe mzito kama mtoto. Mwalimu akiminya kipira, kitovu hupiga kama moyo. Mwanafunzi akiiweka barakoa vibaya, hewa hutoroka pembeni na kifua hakiinuki. Hapo hakuna maneno ya kujitetea.

Wako wanaocheka wakiona watu wazima wakishughulika na mwanasesere. Lakini fratri anayekaribia kupewa upadre, je, hajizoezi Misa kwanza kwa mkate na divai visivyowekwa wakfu? Wala hatujasikia aliyemcheka.

Sasa tazameni yaliyotokea Haydom, hospitali ya Walutheri katika Tanzania ya kaskazini. Mwaka 2010 wakunga wake walifundishwa siku moja. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri. Lakini chumbani mwa kuzalia, kazi yao haikubadilika! Hapo ndipo seminari nyingi huishia: cheti chatundikwa ukutani, mwanasesere afungiwa kabatini. Wenzetu wa Haydom hawakuishia hapo. Tangu mwaka 2011 walianzisha mazoezi mafupi ya dakika chache kila juma, palepale kazini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kutoka 11 hivi hadi 7 hivi kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere alikuwa yule yule, na wakunga hawakupelekwa mji wa mbali.

Basi twawaomba wakubwa wa vituo vyetu: palipo na mwanasesere, atolewe kabatini, awekwe karibu na kitanda cha kuzalia, pamoja na mfuko na barakoa. Dakika tano mwanzoni mwa zamu zatosha. Mmoja ashike mfuko, mwenziwe atazame saa, kisha wabadilishane.