Kutoka Kufyeka hadi Kuvuna: Nyasi katika Mchezo wa Kompyuta na katika Mashamba ya Kwale

Utangulizi

Lugha huhifadhi mtazamo wa wasemaji wake kuhusu vitu vinavyowazunguka. Katika Kiswahili, nyasi ni kitu duni. Methali isemayo kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia imeziweka nyasi mahali pa mnyonge asiyehesabiwa. Mtu aliyepuuza shamba lake huambiwa limeota nyasi, na kiwanja kisichotunzwa huambiwa kimegeuka nyasi tupu. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Diani au Msambweni aufunguapo mchezo wa kompyuta uitwao Farming Simulator huenda akashangaa kuona nyasi zimeorodheshwa pamoja na ngano, mahindi na viazi. Humo nyasi ni zao: hupandwa, hukuzwa, huvunwa, huhifadhiwa na huuzwa.

Makala haya yanaeleza hatua za kukuza na kuvuna nyasi kama zilivyo katika mchezo huo, na kuzilinganisha na hali halisi ya Kaunti ya Kwale. Hoja kuu ni kwamba tofauti baina ya kufyeka nyasi na kuvuna nyasi si ya msamiati peke yake. Ni tofauti baina ya mfugaji anayeingia kiangazi na akiba na yule anayeingia mikono mitupu.

Nyasi katika mchezo

Farming Simulator ulianza kutolewa mwaka 2008 na GIANTS Software, kampuni ya Uswisi. Mchezaji hukabidhiwa shamba, fedha kidogo na mashine, kisha huachwa aendeshe kilimo chake. Nyasi zikishapandwa mara moja, huchipua tena kila zinapokatwa pasipo kupandwa upya. Zikifikia kimo kinachofaa, mchezaji hupitisha mashine ya kukata, na nyasi hulala chini.

Kuanzia hapo njia hugawanyika. Njia ya kwanza ni ya kukausha: mashine ya kugeuza hupitishwa juu ya nyasi zilizokatwa, nazo huwa hei papo hapo. Hei hukusanywa katika mistari, kisha hufungwa marobota. Njia ya pili ni ya kuchachusha: nyasi mbichi hurundikwa katika ghala lisilo na paa, hushindiliwa kwa magurudumu ya trekta, hufunikwa, na baada ya muda huwa saileji. Marobota ya nyasi mbichi pia yaweza kuzungushiwa plastiki yakachachuka humo. Ng'ombe wa maziwa wa mchezoni hutoa maziwa mengi zaidi alishwapo mchanganyiko wa hei, saileji na mabua makavu kuliko alishwapo nyasi pekee.

Toleo la mwaka 2021 liliongeza majira ya mwaka, na kwa kawaida yake siku moja ya mchezo husimama badala ya mwezi mzima. Mchezaji hulazimika kujiuliza jambo ambalo mfugaji wa Kwale hulijua kwa machungu: mifugo itakula nini nyasi zitakapokoma kuota?

Vitenzi vya mavuno ya Pwani

Kiswahili cha Pwani hakina upungufu wa vitenzi vya kuchuma mali ya shamba. Nazi huanguliwa, mnazi hugemwa, korosho huokotwa, karafuu huchumwa, mpunga na mahindi huvunwa. Kila kitenzi kimebeba namna ya kazi yenyewe. Nyasi nazo hufyekwa. Kitenzi hiki kina maana ya kukata mimea ili kuiondoa. Anayefyeka hataki kile anachokikata, bali anataka mahali palipokuwa na kile kitu. Nyasi za kando ya njia Msambweni hufyekwa ili watu wapite. Nyasi za viwanja vya hoteli za Diani hukatwa ili zisionekane ndefu. Katika hali zote mbili kilichokatwa ni taka.

Zamani nyumba za asili za Wamijikenda ziliezekwa kwa nyasi, na aliyekwenda kukata nyasi za kuezekea alikuwa na haja na nyasi zenyewe. Hata hivyo, kitenzi kilichotumika aghalabu ni kukata, wala si kuvuna. Nyasi hizo hazikupandwa na mtu.

Ufugaji nao ulikuwa na kitenzi chake: kuchunga. Anayechunga humpeleka mnyama kwenye nyasi. Katika Kinango, ambako mvua ni haba kuliko ukanda wa bahari na Waduruma wamefuga ng'ombe na mbuzi kwa vizazi vingi, uchungaji ndio msingi wa maisha. Karibu na bahari, ambako mashamba ni madogo, ng'ombe hufungwa kamba chini ya minazi ale kinachomzunguka. Katika njia zote mbili mfugaji hutegemea nyasi zilizoota zenyewe.

Badiliko lilikuja na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa bandani. Mwaka 1980 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mradi wa kitaifa wa kuendeleza maziwa, na Kwale ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofikiwa. Ng'ombe akikaa bandani hukutana kwa nadra zaidi na kupe na mbung'o, wadudu ambao ni tishio kubwa hasa karibu na msitu wa Shimba Hills. Lakini ng'ombe asiyekwenda kwenye nyasi sharti aletewe nyasi. Kitenzi kuchunga hakitoshi tena. Mahali pake panachukuliwa na kulisha, na kwa hiyo malisho hayana budi kuwa kitu cha kupandwa.

Kupanda: somo la tumbukiza

Nyasi iliyoenea zaidi katika ufugaji wa bandani ni ile ndefu iitwayo mabingobingo, ambayo wakulima wengi wa Kenya huiita nepia. Hupandwa kwa vipande vya shina vyenye vifundo vitatu, viwili vikifukiwa udongoni na kimoja kikibaki juu. Hukatwa inapofikia kimo cha takriban mita moja, na kisiki cha sentimita 5 hadi 10 huachwa ili ichipue tena. Katika jambo hili mchezo unasema kweli: anayekata vizuri hapandi mara ya pili upesi. Lakini mchezo haumwambii mchezaji kwamba anayekata hadi mizizini huua shamba lake.

Kwa sehemu zenye mvua chache ipo njia inayojulikana nchini Kenya kwa jina la tumbukiza. Mkulima huchimba mashimo yenye upana na kina cha takriban sentimita 60, huyajaza udongo wa juu uliochanganywa na samadi, na kuacha nafasi kidogo juu ya shimo ili maji yatuame. Vipande kadhaa vya nyasi hutumbukizwa humo. Shimo huhifadhi unyevu, na nyasi huendelea kuwa mbichi muda mrefu baada ya mvua kukatika.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, neno hili lina thamani ya pekee. Tumbukiza ni kauli ya kusababisha ya tumbukia. Ni kitenzi kilichogeuzwa jina la mbinu bila kuongezwa kiambishi chochote cha nomino. Zaidi ya hayo, maandishi ya Kiingereza ya wataalamu wa kilimo yamelikopa neno hilo kama lilivyo. Basi si kweli kwamba istilahi za kilimo husafiri kutoka lugha za kigeni kuja Kiswahili peke yake.

Kituo cha utafiti cha Mtwapa, kilichoko Kaunti ya Kilifi, kilikuwa chini ya KARI na sasa kiko chini ya KALRO. Kwa miaka mingi kimeshughulikia malisho yanayofaa Pwani, yakiwamo mabingobingo pamoja na mimea ya jamii ya kunde inayoongeza protini. Katika muongo wa 2010 kilishiriki pia majaribio ya nyasi za brakaria. Asili ya nyasi hizo ni Afrika. Zilipelekwa Amerika ya Kusini, zikachaguliwa na kuboreshwa huko, hususan Brazili na Kolombia, kisha zikarejeshwa Kenya zikiwa mbegu za kununuliwa. Yaliyofyekwa nyumbani yalivunwa ugenini.

Fundo la masika

Tofauti kubwa kati ya mchezo na Kwale iko katika ukaushaji. Nyasi huwa na lishe bora zinapokaribia au kuanza kutoa maua. Baada ya hapo shina hukomaa, protini hupungua, na kinachobaki ni nyuzi ngumu. Katika ukanda wa Diani na Msambweni, nyasi hufikia hatua hiyo wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, ambapo mvua hufikia kilele mwezi Mei na hewa imejaa unyevu wa bahari. Kwa maneno mengine, nyasi ziko katika ubora wake wakati uleule ambao haziwezi kukaushwa. Mkulima akisubiri jua la kaskazi, Januari hadi Machi, atakausha kwa urahisi, lakini atakuwa anakausha mabua.

Mchezoni, mashine ya kugeuza ikipita mara moja nyasi huwa hei. Shambani, nyasi zilizokatwa hugeuzwa mara kadhaa kwa siku mbili au tatu za jua hadi unyevu wake ushuke kufikia asilimia 15 hivi. Zikifungwa zingali na unyevu mwingi huota kuvu, hupata joto na kuoza. Methali husema akiba haiozi. Akiba ya hei huoza iwapo aliyeiweka hakuwa na subira.

Hei na kuvumbika

Fundo hilo lina njia mbili za kufunguliwa. Ya kwanza ni kutumia vipindi vya jua vinavyojitokeza mvua ipunguapo, na kufunga hei bila mashine. Mkulima hutengeneza sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Hutandika kamba, hujaza nyasi kavu, huzikanyaga, kisha hufunga. Robota moja hupata takriban kilo 20.

Hesabu yake ni rahisi. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzani wa kilo 250 huhitaji takriban kilo 6 za malisho makavu kwa siku. Kwa siku 90 za kaskazi atahitaji kilo 540, yaani marobota 27. Mfugaji mwenye ng'ombe watano anahitaji 135, na yote sharti yawe chini ya paa kabla ya mwezi wa Januari.

Njia ya pili ni saileji, nayo haihitaji jua. Nyasi hukatwakatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, huchanganywa na molasi kidogo, hushindiliwa katika shimo lililotandikwa plastiki au katika mfuko mkubwa, na kufungwa hewa isiingie. Pasipo hewa, bakteria hugeuza sukari ya nyasi kuwa asidi, na asidi hiyo huzuia uozo. Baada ya majuma matatu au manne malisho huwa tayari, na yasipofunguliwa yaweza kukaa mwaka mzima au zaidi.

Neno saileji limekopwa, na huenda likadumu. Hata hivyo, Kiswahili kina kitenzi kilicho jirani nalo: kuvumbika, ambacho wengine hukitamka kuvundika. Ndizi na maembe mabichi huvumbikwa, yaani hufunikwa mahali penye joto ili yaive. Kazi hizo mbili hazilingani kwa kila hali, kwa kuwa tunda huiva ilhali nyasi huchachuka. Lakini wazo la kukifunika kitu kibichi ili wakati ukigeuze kiwe chakula ni lilelile. Afisa wa ugani amwambiapo mfugaji wa Lunga Lunga kwamba majani yaweza kuvumbikwa, nusu ya maelezo inakuwa imekwisha kutolewa.

Hitimisho

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya kame. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kwale, ikiwa miongoni mwa kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame, iliguswa, na Kinango ndiko kulikoumia zaidi. Mvua ikikosekana misimu mitano, hakuna ghala la mkulima mdogo linalotosha. Lakini mwanzo wa ukame na kiangazi cha kawaida havina tofauti machoni pa mfugaji, na mwenye akiba ya miezi mitatu hupata nafasi ya kuuza baadhi ya mifugo kwa bei nzuri kabla haijadhoofika.

Kiswahili kimeshaonyesha kwamba kinaweza kupanua kitenzi kuvuna. Leo husemwa kuvuna maji ya mvua, ingawa hakuna aliyeyapanda. Na matumizi hayo yalienea pale watu walipoyaona maji yapitayo kuwa mali inayopotea. Nyasi za masika ni mali ya namna hiyohiyo. Vijana wanaozivuna kwenye skrini wamekwisha kulizoea wazo. Kazi ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba wazo hilo lina maneno yanayoeleweka bandani na shambani, ili anayeshika fyekeo mwezi wa Mei ajiulize kwanza kama anafyeka au anavuna.