Kilengeo cha nyuma: Kipande kidogo kinachoamua alama za mlenga shabaha

Katika hatua ya usahihi ya mashindano ya kimataifa ya bastola ya mita 25, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 50, karibu sawa na mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Mshindani husimama wima, hunyoosha mkono mmoja na kulenga bila kuegemea popote. Baadhi yao hutumia rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka. Je, ni nini hasa kinachomwongoza kulifikia duara hilo dogo?

Jibu ni vilengeo viwili vilivyo juu ya bastola. Cha mbele ni ubapa mwembamba uliosimama karibu na mdomo wa mtutu. Cha nyuma kina mkato, na mlengaji huutazama ubapa wa mbele kupitia mkato huo. Hapa tunaangalia zaidi hicho cha nyuma, kwa sababu aina zake ni nyingi na kila moja ina faida na gharama zake.

Nusu milimita inagharimu kiasi gani?

Tupige hesabu. Tuseme vilengeo viwili vimeachana kwa milimita 200. Mita 25 ni mara 125 ya umbali huo. Kwa hiyo ubapa wa mbele ukisogea nusu milimita tu ndani ya mkato, sawa na unene wa karatasi chache za daftari, risasi itakwenda kando kwa zaidi ya sentimita 6. Alama 10 imepotea, na 9 pia. Mlengaji atapata 8.

Mfereji usiorekebishwa

Aina ya kwanza ni mfereji uliochongwa moja kwa moja kwenye chuma cha juu cha bastola. Rivolva ya Colt ya mwaka 1873, inayojulikana kwa filamu za Marekani ya magharibi, ina kilengeo cha namna hii. Haina skrubu ya kulegea wala kipande cha kunasa kwenye nguo, ndiyo maana polisi waliipenda aina hii kwa miaka mingi.

Kasoro yake ni kwamba hairekebishwi. Katika rivolva, risasi nzito kwa kawaida hupiga juu zaidi kuliko nyepesi, kwa sababu hukawia ndani ya mtutu huku mdomo wa bastola ukiinuka kwa mrusho. Ukibadilisha risasi, shabaha inahama, na kilengeo kinabaki palepale.

Mkato wa mraba

Zamani mikato mingi ilikuwa na umbo la V au U, na kilengeo cha mbele kilikuwa kama ushanga. Katika miaka ya 1890, Mmarekani E. E. Patridge alileta mtindo mwingine: ubapa wa mbele wenye kingo zilizonyooka, na mkato wa nyuma wa mraba. Faida yake ni rahisi kuiona. Ncha za juu zikilingana na mwanga wa kushoto ukiwa sawa na wa kulia, umelenga sawasawa. Mtindo huo bado unatawala viwanja vya shabaha hadi leo.

Upana wa mkato nao una maana. Mkato mwembamba husaidia usahihi mwanga ukiwa mzuri. Mpana humfaa anayepiga haraka, au mwenye macho yaliyoanza kuchoka.

Kilengeo cha skrubu

Smith & Wesson ilizipa rivolva zake za shabaha kilengeo cha nyuma kinachorekebishwa kwa skrubu mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Colt Python ya mwaka 1955 nayo ilikuja na kilengeo cha kurekebishwa.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule unaotaka risasi iende. Ikiwa risasi zinapiga kushoto, kisogeze kulia. Zikipiga chini, kiinue.

Je, rangi zinasaidia?

Baadhi ya vilengeo vina mstari mweupe kuzunguka mkato. Hilo husaidia penye giza, lakini wengi wa walenga shabaha hupendelea weusi mtupu usiong'aa. Wapo wanaovipaka vilengeo masizi ili kuzuia mng'ao wa jua. Vilengeo vya lenzi au vya nukta nyekundu haviruhusiwi katika mashindano ya bastola ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISSF.

Hata hivyo, kilengeo bora hakifanyi kazi peke yake. Jicho la mwanadamu haliwezi kuona wazi vitu vitatu vya umbali tofauti kwa wakati mmoja. Ndiyo maana makocha hufundisha kuukazia macho ubapa wa mbele, na kuliacha duara jeusi la shabaha lionekane kama ukungu. Kwa anayeanza, hilo ni gumu kuliko kununua bastola mpya, lakini ndilo linalomrudishia ile nusu milimita.