Kufundisha Sifa za Nyota: Mfano wa Alfa Sentauri

Mwalimu anapowaambia watoto kwamba nyota fulani iko mbali mno, aghalabu mmoja wao huuliza: "Nani alikwenda kupima?" Swali hilo si utovu wa adabu. Mwalimu akilinyamazisha, watoto watajifunza kukariri tu. Tuchukue Alfa Sentauri iwe mfano.

Katikati ya Juni, yapata saa tatu usiku, tukielekea kusini twaona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili zing'aazo sana. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alfa Sentauri.

Umbali. Kila mtoto asimamishe kidole gumba mbele ya uso, akitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kidole kitaonekana kuhama; na kadiri kilivyo karibu, ndivyo kinavyohama zaidi. Wanafalaki nao huitazama nyota Dunia ikiwa upande mmoja wa Jua, kisha miezi sita baadaye ikiwa upande wa pili. Thomas Henderson aliipima hivyo nyota hii kutoka Rasi ya Tumaini Jema, akatangaza matokeo mwaka 1839. Leo twajua kwamba nuru yake husafiri miaka 4.4 hivi: iliyotoka huko mtoto alipoanza darasa la kwanza humfikia akiwa darasa la tano.

Uzito. Darubini yaonyesha kwamba nyota hii ni mbili, zizungukanazo mara moja katika miaka 80 hivi. Mwendo wao hutujulisha nguvu ya uvutano, na uvutano hutujulisha uzito: kubwa yalizidi Jua letu kidogo, ndogo yapungua kidogo.

Joto. Watoto wamemwona mhunzi: chuma huwa chekundu, na joto likizidi huwa cha manjano, kisha cheupe. Rangi ya nyota nayo hutangaza joto lake. Ile kubwa ina nuru ya manjano kama Jua, na uso wake una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi.

Twapendekeza, basi, kwamba katika zoezi la mwisho watoto wasiulizwe tarakimu peke yake. Baada ya kila jibu, mwalimu na aongeze: "Tumejuaje?" Atakayejibu kwa kidole chake au kwa chuma cha mhunzi amelielewa somo.