Neno Lenye Mzigo Mgongoni

Paukwa! Haya, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Kuna neno la Kiingereza, tolerance, ambalo mjukuu wangu alirudi nalo kutoka shuleni amekunja uso. "Bibi, mwalimu kasema maana yake uvumilivu. Mbona kwenye kitabu cha ufundi wamelitumia kwa vyuma? Chuma nacho kinavumilia?"

Swali la mtu mzima hilo.

Asili ya neno ni Kilatini, na huko lilihusu kubeba, kuhimili uzito. Sasa tegeni sikio. Sisi tuna kustahimili, tulilolipata kwa Waarabu, nalo limetoka kwenye mzizi uleule wa kubeba uliotupa hamali. Naam, hamali yule wa bandarini, gunia la mchele mgongoni, jasho likimchuruzika shingoni! Hata mhimili wa nyumba ni ndugu yao. Mrumi huku, Mwarabu kule, kila mmoja kwa lugha yake aliuona uvumilivu ukiwa umeinama chini ya mzigo.

Ndiyo maana husemwa mbegu hii ya mahindi inastahimili ukame, na tumbo la fulani halistahimili maziwa: kikombe kimoja tu, linaunguruma.

Na chuma? Nilimpeleka mjukuu kwa fundi mchonga vyuma. Fundi akapangusa mikono, akainua kipande kinachong'aa. "Hiki nimeagizwa kiwe na unene wa milimita 20. Hakuna mashine inayotoa 20 kamili kila mara. Kwa hiyo nimepewa nafasi: kikizidi au kupungua sehemu 2 kwa 100 za milimita, kinapita. Zaidi ya hapo, nakitupa." Unywele wako, mwanangu, ni mnene kuliko kosa hilo. Nafasi hiyo ndiyo tolerance ya mafundi, kosa ambalo mashine inaweza kulibeba.

Kwa binadamu mambo ni mazito zaidi. Uingereza ya zamani, mhubiri John Bunyan alikaa gerezani miaka 12 kwa kuhubiri nje ya Kanisa la serikali. Akafariki 1688. Mwaka uliofuata, 1689, bunge likapitisha sheria inayojulikana kwa jina la ndugu wa neno hili, toleration: Waprotestanti wasio wa Kanisa hilo wakaruhusiwa kuwa na nyumba zao za ibada. Wakatoliki hawakumo. Na hao walioruhusiwa, vyeo vya serikali bado walifungiwa. Salini, lakini mlango huu msiuguse! Mimi nasema ilikuwa nafuu, maana kusali ukinuniwa si sawa na kulala gerezani. Ila heshima haikuwemo.

Heshima iliingizwa baadaye sana. Tarehe 16 Novemba 1995, nchi za UNESCO zilitoa tamko kwamba tolerance ni kuheshimu na kukubali tofauti za watu, si kuzibeba kwa kununa tu. Neno likaongezewa maana, ingawa mzigo wake wa zamani bado linao.

Mjukuu akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo Bibi, nikimwambia mtu 'nakuvumilia', nimemwita gunia?"

"Karibu na hapo."

"Na yule jirani anayefungulia muziki mpaka saa nane usiku?"

"Huyo," nikamwambia, "ni gunia kweli."