Kwa Nini Vidonge vya Presha Huhesabiwa Kliniki

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anapofika kliniki, huenda akaombwa kuonyesha vidonge vilivyobaki kabla ya kupewa vingine. Wapo wanaoliona ombi hilo kama upekuzi, nao huacha dawa nyumbani au huzitupa zilizosalia ili pakiti ionekane tupu. Kufanya hivyo ni kujihatarisha, na sababu yake haielezwi vya kutosha kwenye dirisha la dawa.

Kipimo kikisoma 170 kwa 100 kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye matibabu, huenda dawa haitoshi, au huenda dawa haimezwi. Mashine haiwezi kutofautisha. Mtaalamu akiamini kwamba dawa humezwa kila siku, ataongeza kiwango au dawa ya pili. Siku mgonjwa huyo atakapoamua kuzimeza zote kama zilivyoandikwa, shinikizo laweza kushuka mno, akashikwa na kizunguzungu na kuanguka, hasa akiwa mzee anayeamka usiku.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Aliyepewa vidonge 30 vya amlodipini, kimoja kwa siku, akarudi baada ya siku 30 akiwa na 9, amemeza 21, yaani asilimia 70. Wataalamu wengi huchukua asilimia 80 kuwa mpaka wa chini wa ufuasi unaoridhisha. Vilivyobaki mwezi wa nyuma navyo sharti vijumlishwe, la sivyo hesabu hupotoka. Hata hivyo, kidonge kisichoonekana si lazima kiwe kimemezwa. Pengine amepewa jirani aliyeishiwa. Kwa hiyo hesabu huenda sambamba na tarehe za kuchukua dawa, na zaidi ya yote, mazungumzo.

Swali la “Unameza dawa?” halina faida kubwa, kwa kuwa jibu lake hujulikana kabla halijatolewa. Lenye manufaa ni hili: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi dawa haikumezwa, na kwa nini? Hapo ndipo hujulikana kwamba mmoja amepata kikohozi kikavu tangu aanze enalaprili, mwingine amevimba miguu kwa amlodipini, na wa tatu huruka dawa inayoongeza mkojo kila siku ya safari, maana basi halisimami ovyo. Yupo aliyekosa nauli. Yupo pia aliyejisikia vizuri akadhani amepona. Dawa inayosumbua yaweza kubadilishwa, na saa ya kumeza yaweza kusogezwa; hata anayefunga Ramadhani hupangiwa saa mpya, mradi aseme mapema.

Asubuhi ya kliniki dawa imezwe kama kawaida, isipokuwa mgonjwa ameelekezwa vinginevyo. Wengine huiacha siku hiyo, kipimo kikapanda bure. Wengine humeza siku tatu za mwisho tu ili kipimo kipendeze, ilhali kwa siku nyingine zote za mwezi mishipa ya ubongo, moyo na figo imekuwa ikiumia bila dalili yoyote.

Pakiti zote ziletwe, pamoja na za dawa zilizonunuliwa dukani, na dawa za miti shamba zitajwe. Aliyesahau kidonge cha jana asimeze viwili leo.