Kovu la zamani tumboni

Malaria huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba hupasuka upesi mtu akianguka na pikipiki. Daktari huiondoa ili kuzuia damu. Lakini vipande vidogo vilivyomwagika hushika tumboni, vikakua. Miaka kumi baadaye ekografi inaonyesha vivimbe, na mama anaambiwa labda ni kansa! Mara nyingi havina hatari, wala havihitaji kupasuliwa. Kuna picha maalum ya kuvitambua, ila kwetu Miti si rahisi kuipata. Basi mwonyeshe daktari kovu lako, hata la utotoni, umwambie uliondolewa bandama. Karatasi ya operesheni ya mtoto wangu naiweka pamoja na diploma yangu. Na homa ikikupata usingoje asubuhi: vipande hivyo havilindi mwili kama bandama nzima.